Kibanda Kilichopakwa Penseli

Usinikunjie uso kabla sijafungua mdomo. Nakujua, wewe ni wale wanaosikiliza kwa sikio moja, na sikio lenyewe limeziba. Kama huamini kwamba wanaume wanne wazima, wenye akili zao na meno yao (Mzee Faili tumhesabie nusu), walikipaka penseli kibanda kizima cha kinyozi ili mtoto wa mtu asikike redioni, inuka uende ukaone. Kuta bado nyeusi. Egemea kidogo tu, utatoka na mgongo kama kitako cha sufuria. Na kama huendi, tulia. Sitaki kuulizwa "kweli?" kila nikimeza mate.

Kijiwe chenyewe ni benchi moja kwenye kona ya barabara mbili, lina miguu mitatu ya mbao na mmoja wa matofali. Kulia kwake ni kibanda cha Kipara, kinyozi asiye na unywele hata mmoja, jambo ambalo wateja wake walikwisha kumsamehe. Kushoto ni kigoda cha Soli, fundi viatu, mtu mpole ambaye akikosea kupiga nyundo humwomba radhi hadi kiatu. Katikati, nyuma ya jiko la mkaa, huketi Bibi Birika na kahawa yake, na juu ya kichwa chake huning'inia redio ya kijiwe. Redio ile haikuwa na ubaya ila mmoja. Kipara akiwasha mashine yake ya kunyolea, redio iliacha kusema ikaanza kukaanga. Zzzzzzz, mpaka kichwa cha mteja kiishe. Ligi nzima ilikuwa imepita namna hiyo, magoli yote yamekaangwa.

Asubuhi hiyo Soli alifika amevaa shati la kupigia picha, vifungo vyote vimefungwa hadi kooni.

— Makubwa, akasema Bibi Birika. Unaoa au unazikwa?

— Shikamoo, Bibi. Ni binti yangu. Leo saa nane mchana atasema redioni.

— Marahaba. Kafanya nini?

— Mashindano ya maswali ya shule. Darasa la sita zima wamemchagua yeye. Mama yake kamsindikiza. Nyumbani hatuna redio, basi nitamsikilizia hapa hapa.

Bibi Birika alimmiminia kikombe. Macho ya Soli yalikuwa mekundu kama ya mtu aliyeamka mara kumi kuangalia kama kumekucha. Soli akakiweka kikombe chini, akavua kofia, akaenda kusimama mlangoni kwa kinyozi.

— Kipara, ndugu yangu. Nina ombi dogo. Ile mashine yako, saa nane, kama isingekuwa tabu...

Hakumaliza.

— Mawimbi! mtu akapiga kelele kutoka kwenye benchi.

Alikuwa Antena, mrefu, mwembamba, aliyetengeneza redio za mtaa miaka ishirini. Redio nyingi zilizopita mikononi mwake zilipumzika kwa amani.

— Soli, tatizo lako nimelikamata. Mashine ya Kipara inatema mawimbi. Yanaruka hewani, yanaikaba redio koo. Na binti yako naye yatamkaba!

— Mashine yangu haitemi kitu, akasema Kipara. Naifuta kwa spiriti kila siku.

— Spiriti itakusaidia nini na kitu kisichoonekana? Sikilizeni nyote.

Akatoa mfukoni kipande cha gazeti, kimekunjwa hadi kimekuwa kama kitambaa.

— Wataalamu wamechukua karatasi. Karatasi hivi hivi, ya kufungia vitumbua. Wakaipaka grafiti. Wimbi la redio likifika pale, linakwama. Halipiti!

— Grafiti ndiyo mdudu gani? akauliza Bibi Birika.

— Ni ile nyeusi ya ndani ya penseli, Bibi. Haina gharama. Umeme unaipenda, unapita ndani yake kama mtu kwao. Sasa wimbi likigonga hapo, nguvu zake zote zinamezwa.

— Imeandikwa? akauliza Mzee Faili.

Mzee Faili alikuwa karani hadi alipostaafu, na hata mvua ikimnyeshea hakubali kwamba imenyesha mpaka aone barua.

— Imeandikwa, mzee, hii hapa.

— Ina tarehe?

— Tarehe imechanika.

— Muhuri?

— Gazeti lina muhuri wapi, mzee?

Mzee Faili alivaa miwani, akakisoma kile kipande mbele, akakisoma nyuma ambako kulikuwa na tangazo la magodoro, akatikisa kichwa kwa heshima.

— Lugha yake ni nzito. Naipitisha.

— Basi kazi ni hii, akasema Antena. Tunapaka karatasi, tunabandika ndani ya kibanda chote cha Kipara. Kuta, dari, mlango. Mawimbi ya mashine yanafungiwa humo humo, redio yetu nje inapumua.

Soli alikuwa bado amesimama na kofia mkononi.

— Wazo zuri sana. Lakini nilikuwa nafikiri, labda tungemwomba tu Kipara saa nane...

— Soli, akamkata Antena, tuko kwenye sayansi. Mambo ya kuombana yaache nyumbani.

Soli akaivaa kofia yake.

Na Bibi Birika naye, tusimtakase, hakusema neno la maana. Angeweza. Alikuwa amekaa pale mwenye akili timamu na mdomo usio na kufuli. Lakini penseli za kusaga zinahitaji kinu, na kinu alikuwa nacho yeye, cha kusagia kahawa, na ni miaka mingapi tangu wanaume wale wamuombe kitu kingine zaidi ya kuongezewa sukari? Akakitoa. Akakoroga na gundi ya unga mwenyewe, sufuria mbili, na kuwafokea kwamba ina madonge.

Mzee Faili alileta penseli. Maboksi matano, aliyostaafu nayo.

— Mzee, hizi si mali ya ofisi? akauliza Kipara.

— Zilikuwa zimechoka kukaa pale.

Antena alileta betri za tochi zilizokufa, akazipasua, akatoa kile kijiti cheusi cha katikati. Kipara akatwanga. Soli akapaka, kwa brashi yake ya viatu, kwa mkono wake ule wa taratibu, kila karatasi kama anang'arisha kiatu cha bwana harusi. Walianika magazeti meusi juani kuanzia benchi hadi mtaroni. Watu walipita wakiuliza nani kafa.

Saa tano Bibi Birika alipika kahawa mpya. Mzee Faili akanywa, akatulia, akautazama ulimi wake kwa kuusokota upande.

— Bibi, kahawa ya leo ina ladha ya darasa la tatu.

— Kinu hakikuoshwa vizuri. Kunywa, utajua kuandika.

Ndipo Antena akataka kufanya jaribio. Alichukua boksi la viatu la Soli, akalibandika karatasi nyeusi ndani na nje, kifuniko na kila kitu. Akaishusha redio ikiwa inaimba, akaiweka ndani, akafunika.

Kimya.

Akafunua. Wimbo. Akafunika. Kimya.

Walipiga makofi mpaka mbwa akahama. Kipara alimkumbatia Mzee Faili. Soli alifuta macho na mkono mweusi, akabaki na uso kama wa mtu aliyetoka kuchimba kisima.

— Mmeona? akasema Antena. Mmeona kwa macho yenu? Mawimbi yamenywea!

Basi wakaingia kubandika. Wateja watatu walifika kunyolewa, Kipara akawarudisha kutoka mlangoni.

— Leo hatunyoi. Tuko kwenye utafiti.

— Nina harusi, akasema mmoja.

— Oa hivyo hivyo.

Kibanda kilikuwa kidogo, na wanaume wanne walifanya kazi wakiwa wamegusana migongo. Bibi Birika aliwapelekea kahawa ndani, akasimama na sinia mlangoni, akasikia yote. Kazi ya mikono ikienda, ulimi nao hupata gurudumu.

— Sasa nimejua nywele zangu zilikwenda wapi, akasema Kipara. Miaka kumi na nne nashika mashine inayotema mawimbi. Zimeng'olewa moja moja!

— Baba yako naye alishika mashine gani? akauliza Bibi Birika. Maana namkumbuka, alikuwa kama yai.

— Alikaa karibu na mimi.

— Alikufa hujaanza kunyoa.

— Mawimbi yanakwenda mbele na nyuma, Bibi. Muulize Antena.

— Yanakwenda mbele na nyuma, akakubali Antena.

Mzee Faili alishuka kwenye kigoda, gundi imemganda kwenye nyusi.

— Mimi niliandikiwa barua ya kupandishwa cheo. Iliandikwa, nina hakika, niliiona kwa mbali mezani kwa bosi. Haikunifikia hadi leo. Ofisi jirani walikuwa na mtambo wa simu za upepo. Hesabuni wenyewe.

— Mzee, barua ni karatasi, akasema Bibi Birika. Wimbi litaichukuaje?

— Haikupakwa!

Wote wakampa pole.

— Haya, mimi je? akasema Antena. Nikisema neno hapa kijiweni, nikifika nyumbani mke wangu analo tayari. Neno kwa neno! Niliposema supu yake ni maji ya kuoshea mikono, nilikuta sahani imejaa mawe. Lilifikaje, kama si kwa mawimbi?

— Wimbi hilo ni mimi, akasema Bibi Birika.

Hakuna aliyemsikia, kwa sababu Antena alikuwa amekwisha kupanda juu ya kiti cha kunyolea, mkono umeinuliwa, macho yanang'aa. Wazo lilikuwa limemshuka.

— Jamani! Tumefikiri kidogo mno! Mashine ya Kipara ni moja. Huko nje kuna simu ngapi? Mitambo mingapi? Mji mzima unatema! Mahali pasafi ni hapa tu, humu ndani! Humu hakuna wimbi hata la dawa! Sasa redio tuiache nje, kwenye uchafu ule, au tuilete humu kwenye utulivu?

— Humu! akasema Kipara.

— Iandikwe kwamba nimeunga mkono, akasema Mzee Faili.

Soli alikuwa akifuta brashi. Alisema kwa sauti ndogo:

— Lakini kwenye boksi ilinyamaza.

— Kwenye boksi ilikuwa peke yake, Soli. Humu iko na watu.

Ilikuwa saa nane kasoro dakika tano. Waliiondoa redio juani, inaimba vizuri kabisa, wakaiingiza kwa heshima kama mgonjwa anayetolewa hospitali, wakaiweka juu ya kiti cha kunyolea. Antena akavuta mlango.

Redio ikafa katikati ya neno.

— Inajipanga, akasema Antena.

Walisubiri. Humo ndani kulikuwa na giza la penseli, balbu moja, jasho, na harufu ya gundi inayoanza kuchacha. Soli alipiga magoti mbele ya kiti akaweka sikio kwenye redio. Hata kukwaruza hakukuwapo.

— Antena, imefika saa nane.

— Ipe nafasi. Haijawahi kukaa mahali pasafi, imeshangaa.

— Ongeza sauti.

— Nimeongeza.

— Labda tuongeze karatasi, akasema Kipara. Pale kwenye pembe pamevimba.

— Labda tupunguze watu, akasema Mzee Faili, akimtazama Kipara. Kuna kichwa humu kinaakisi.

— Antena, akasema Soli, na sauti yake sasa ilikuwa imepanda kidogo, kwa mara ya kwanza tangu Bibi Birika amjue. Antena, mwanangu anasema sasa hivi. Sasa hivi! Kafanya mazoezi mwezi mzima anaulizwa na mama yake jikoni. Kaniambia, baba, nikifika hapo nitajua unanisikiliza. Nitamwambia nini?

Antena alifungua mdomo. Alikuwa na jibu, mtu yule hakuwahi kukosa, lakini mlango ulifunguliwa na mama mmoja akachungulia, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi, kisigino kinaning'inia.

— Hodi. Samahani, fundi viatu hakai tena hapo nje? Nimesubiri mpaka nimechoka kusimama mguu mmoja. Na nyie mmeungua?

— Tuko kwenye jambo zito, mama, akasema Mzee Faili. Ni la kiofisi.

— Mashine ya kunyolea inaharibu redio, akasema Soli kutoka chini alikopiga magoti. Mwanangu anazungumza, na mimi nataka kumsikia tu. Ndiyo tumebandika hizi.

Yule mama alizitazama kuta, akaitazama dari, akaitazama mashine ya Kipara iliyolala mezani na waya wake umekunjwa.

— Hiyo ndiyo mashine?

— Ndiyo.

— Leo mmenyoa watu wangapi?

— Hatujanyoa, akasema Kipara. Haijawashwa tangu jana.

— Kwani haina pa kuzimia?

Basi hapo ungesikia gundi ikikauka. Kipara alimtazama Antena. Antena alimtazama Mzee Faili. Mzee Faili alivua miwani akaanza kuifuta kwa shati lenye penseli, akaivaa, asione kitu, na akaonekana kushukuru.

Bibi Birika aliweka sinia chini. Joto lilimpanda kutoka shingoni, na nusu ya joto lile lilikuwa la kwake mwenyewe, la sufuria mbili za gundi. Akaikwapua redio kwa mkono wa kulia, akamshika Soli kola ya lile shati la picha kwa mkono wa kushoto, akawatoa wote wawili nje juani.

Redio ikapaliwa, ikakohoa, ikasema.

— ...swali la nne, kwa mwanafunzi wetu wa darasa la sita. Je, mto mrefu kuliko yote ulioko katika...

Lilikuwa swali refu, lenye bara na mabonde ndani yake, na Soli alilisikiliza amefumba macho, midomo ikitembea pamoja na mtangazaji.  Halafu ikaja sauti nyembamba, safi, isiyotetemeka.

— Sijui.

Soli aliruka. Aliruka kweli kweli, miguu yote miwili, fundi viatu wa miaka hamsini.

— Ni yeye! Bibi, ni yeye! Umemsikia? Umemsikia alivyosema sijui? Wala hajababaika!

— Nimemsikia.

Na Bibi Birika alibaki ameishika ile redio kwa mikono miwili, kwa sababu miaka kumi na moja amemimina kahawa pale kijiweni, asubuhi na jioni, na neno lile lilikuwa halijawahi kutamkwa kwenye benchi lile na mtu yeyote.

— Hakuna neno, akasema mtangazaji kwa upole. Bado una swali la tano, na hili ndilo la mwisho. Sikiliza vizuri...

Zzzzzzzzzzz.

Soli alipauka chini ya weusi wake wote.

Kutoka kibandani sauti ya Antena ilikuwa ikipaa:

— Wacha iwake, Kipara! Wacha iwake! Yule mama anafikiri tumefanya mchezo? Mawimbi haya hayatoki humu! Mzee Faili, andika saa!

Bibi Birika akampa Soli redio. Akaingia. Mashine ilikuwa ikinguruma mkononi mwa Kipara bila kichwa cha kunyoa, yule mama amekaa kwenye kiti amekumbatia kiatu chake, Antena anaonyesha ukuta kwa kidole, Mzee Faili anatafuta penseli iliyosalia.

— Bibi, njoo ushuhudie, akasema Antena. Huko nje inasikika safi, si ndiyo?

Bibi Birika alikwenda ukutani, akang'oa waya. Akamnyang'anya Kipara mashine, akaizungushia waya wake mara mbili, akaitia kwapani.

— Bibi! Hiyo ni kazi yangu!

— Utaipata.

— Lakini nadharia, akasema Antena, nadharia inasema kwamba kama wimbi limetoka, basi limetoka kwa sababu mlango...

— Mama, akasema Bibi Birika, wewe njoo nje, kuna fundi. Mtoto anaulizwa swali la mwisho, na baba yake anataka kusikia. Nyie wenye majibu yote mtakaa humu.

Yule mama akatoka akichechemea. Bibi Birika akatoka nyuma yake, akavuta mlango, akaufunga.